Mwenye nyumba anataka 280,000 za ukuta, ni haki?

SWALI: Shikamoo anti, mie nimepanga Tabata miaka mitatu, vyumba viwili na sebule, sasa nahama mwezi huu. Nilipoingia niliacha dipoziti ya sh 300,000, juzi baba mwenye nyumba kapita na tochi ya simu anakagua kuta halafu ananambia ntarudishiwa elfu ishirini tu, zingine matengenezo ya ukuta. Anataja matundu manne ya breketi ya TV, misumari ya picha, mapacha wangu walichora koridoni na kalamu, rangi imepauka, na chumbani ukuta umetoa chumvi plasta inamomonyoka huko chini. Eti nyumba nzima inapigwa rangi upya. Mkataba umeandika tu niache nyumba "katika hali nzuri". Nifanyeje?
Mama Mapacha, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuna deni lako humo, ila sio 280,000.

Tuanze na chumvi maana ndo kwenye hela nyingi na ndo anapokuonea. Ukuta kutoa chumvi kwa chini mara nyingi ni unyevu unaopanda toka ardhini kupitia msingi, wakati wa kujenga hawakuweka nailoni ya kuzuia unyevu au iliwekwa ikachanika, ama kuna bomba linavuja ndani au bafu liko upande wa pili. Wewe hapo unahusikaje? Na fundi akikwangua akapiga plasta mpya bila kugusa chanzo, itarudi tu, na mpangaji ajaye atadaiwa hiyohiyo.

Rangi kupauka nayo sio yako. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba kama alivyoikuta lakini uchakavu wa kawaida imeutoa, na "hali nzuri" haimaanishi nyumba mpya jamani, mmekaa na watoto miaka mitatu.

Yako ni breketi na michoro ya hao mapacha. Misumari ya picha mimi naihesabu uchakavu, yeye atabisha, msigombane kwa hiyo. Matundu manne ni wolputi kidogo ya kuyaziba, msasa, rangi juu, fundi anamaliza siku hiyohiyo, shida ni kwamba rangi mpya haifanani na ya zamani na kiraka kitaonekana, kwa hiyo kubali kuta mbili zipigwe nzima, wa TV na wa koridoni. Mbili, sio nyumba.

Kabla hujakabidhi funguo piga video kila chumba, mwombe mchanganuo wa maandishi, ukuta gani, rangi kiasi gani, ufundi shilingi ngapi, asikuandikie "matengenezo" kwa mkupuo. Leta na fundi rangi wako atoe bei yake palepale, wenye nyumba wengi hushuka wakiona hivyo. Akigoma nenda kwa mjumbe, halafu mwenyekiti wa mtaa. Baraza la kata siku hizi kazi yake kusuluhisha tu, kesi yenyewe inasikilizwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ila piga hesabu ya nauli na siku za kazi utakazokosa, mimi akinipa laki mbili mkononi nachukua nahama.

Halafu pekua simu yako, picha za bethdei za watoto mwaka ule mlipohamia, zilizopigwa humo chumbani. Kama chumvi inaonekana nyuma yao, mtumie mwenye nyumba WhatsApp leo, ajue uliikuta.