Usilipe hata mia kabla hujaona barua ya shule yenyewe (Finland mwezi wa sita)

Mwalimu simama hapohapo. Umesema safari ni katikati ya mwezi wa sita, kifurushi cha walimu kwenda Finland kujifunza "mfumo wa elimu bora duniani", wakala anataka nusu ya hela ijumaa hii, na wewe unauliza ubebe nguo gani, chakula chao kikoje, hela ya mfukoni kiasi gani na Kiingereza kama kitatosha. Nguo tutaongea baadaye. MWEZI WA SITA FINLAND SHULE ZIMEFUNGWA. Zote, sio za Helsinki tu. Sheria yao inasema mwaka wa masomo unaisha siku ya mwisho ya kazi ya wiki ya 22 ya mwaka, hiyo inaangukia jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tano au mwanzoni kabisa mwa wa sita, na watoto hawaonekani tena darasani mpaka karibu katikati ya mwezi wa nane. Wewe unaenda kutua katikati ya likizo ndefu kuliko zote walizonazo.

Na najua kwa nini tarehe hizo zimekaa vizuri kichwani mwako, maana na sisi tulioenda kabla yako zilitukaa vizuri hivohivo. Huku kwetu Tanzania tunafunga mwisho wa mwezi wa tano tunarudi mwanzoni mwa wa saba, kwa hiyo mwezi wa sita ndo kipindi pekee ambacho ukiomba ruhusa mkuu wa shule hakuangalii kama umemuibia kuku. Wakala anajua. Anauza likizo YAKO, shule zao hazimhusu.

Wakala wetu alikuja na shati jeupe na projekta, akakodi ukumbi, akatuwekea majedwali ya PISA, ule mtihani wa kimataifa wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali. Ile ya mwaka 2000, ambayo matokeo yake yalitoka Desemba 2001 na Finland ikawa ya kwanza kwenye kusoma, dunia nzima ikaanza kupanga foleni kwenda kuangalia. Hakutuambia kwamba kuanzia baada ya 2006 alama zao zimekuwa zikishuka, hesabu walikuwa 548 mwaka huo wakafika 484 mwaka 2022, na kwamba wenyewe wanagombana magazetini kila matokeo yakitoka. Sio kwamba shule zao mbovu, hapana, ila ukiona mtu anakuuzia safari kwa matokeo ya mwaka 2001 ujue hata hiyo nchi haifuatilii. Sasa pale ukumbini mama mmoja wa kemia akanyosha mkono akauliza kabisa, mwezi wa sita watoto watakuwepo? Yule jamaa akatabasamu, akasema "Mama, Finland hawafungi shule kama huku kwetu, wale wana mfumo wa kisasa." TUKAPIGA MAKOFI. Walimu wazima, wenye simu zenye intaneti mfukoni, ambapo ukiandika tu likizo za shule Helsinki unapata jibu kabla chai haijapoa. Mimi nilishachukua mkopo saccos kwa hiyo nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wengine, mtu mwenye deni huwa anaamini sana.

Siku ya kutembelea shule tukavaa suti. Basi likatushusha kwenye jengo zuri kweli, uwanja mkubwa, baiskeli hata moja hakuna, nikajua wako ndani wanasoma kimya, si ndo nidhamu ya Ulaya hiyo. Akatoka baba mmoja na funguo, ovaroli la kazi, mtunza jengo. Ndo mwenyeji wetu huyo. Kiingereza chake na changu vilikuwa vinapishana njiani ila alikuwa mtu mwema, akatufungulia kila mlango alionao. Korido nzima ina vibao vya kutundikia makoti, kila kimoja kina picha ya mtoto au mnyama, chini yake rafu za viatu maana wanaingia darasani na soksi. Tupu. Kwenye kona kuna boksi la vitu vilivyopotea, glovu za mkono mmojammoja, kofia za sufu, kiatu kimoja cha mvua. Madarasani viti vimepandishwa juu ya meza. Chumba cha kazi za mikono ndo kilinikaa, mabenchi ya useremala na jiliwa zake upande huu, upande ule cherehani zimepangwa, na hilo somo ni la lazima kwa wote, mvulana anashona na msichana anapiga randa. Nilitamani sana kumwona huyo mvulana. Nilipiga picha cherehani.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu elimu ya Finland naweza kukueleza vizuri sana urefu wa viti.

Ila msikilize wakala alivyojitetea tulipombana usiku hotelini (usiku wenyewe jua linawaka, kule mwezi wa sita linazama karibu saa 5 usiku, unagombana na mtu mnaonana vizuri kabisa). Akatoa ratiba akasoma: "Siku ya pili, kutembelea mazingira ya shule." Si mmetembelea? Mazingira si mmeyaona? Na kisheria jamaa alikuwa sahihi!! Hakuna mahali ameandika mtaona somo, hakuna mahali ameandika mwanafunzi. Nenda kasome ratiba yako sasa hivi, tafuta neno darasa likiwa na kitenzi ndani yake. Ukikuta "mazingira", "uzoefu", "mandhari ya kielimu", hapo umeshaingizwa mkenge ila bado hujalipa, una bahati kuliko sisi.

Af kuna hili. Ratiba yetu ilikuwa na "mazungumzo na maafisa wa elimu" siku ya ijumaa. Ijumaa hiyo ilikuwa mkesha wa Juhannus. Hiyo ni sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, mkesha wake unaangukia ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 mwezi wa sita, na ni kama mji mzima umehamishwa, watu wote wanaenda kwenye vibanda vyao vya msituni kando ya maziwa, wanakaa sauna (chumba cha joto kali cha kutolea jasho) na kuwasha mioto mikubwa, ofisi zimefungwa, maduka mengi yamefungwa. Tulitembea barabarani na suti zetu peke yetu tukisubiri afisa ambaye nadhani alikuwa anavua samaki. Na wewe tarehe zako nimeziona, zinapita hapohapo, kwa hiyo jiandae kukutana na maafisa wale wa shaba waliosimama kwenye bustani za mji.

Watoto tuliowaona ni wa bustanini. Hii nitaisema maana ndo kitu pekee nilichokiona kikifanya kazi: Helsinki kiangazi, siku za kazi, manispaa inagawa chakula cha mchana bure kwenye viwanja vya michezo, wameanza tangu 1942 wakati wa vita na hawajaacha. Mtoto anakuja na bakuli lake na kijiko chake kutoka nyumbani. Wamepanga foleni, mmoja kashika bakuli kichwani kama kofia, mwingine analipiga kijiko kama ngoma, mama mmoja anachota supu na sufuria kubwa iko pembeni, hakuna anayeuliza baba yako nani. Na shuleni ni hivohivo, chakula cha mchana ni bure kwa kila mtoto tangu 1948. Nikasimama pale nikawaza michango ya uji shuleni kwetu na vikao vyake mpaka macho yakanienda mbali. Mwenzetu mmoja akaanza kupiga picha watoto, mzazi akaja juu, na ana haki, si adabu kupiga picha watoto wa watu bila ruhusa. Hilo nalo liweke akilini.

Turudi. Niliporudi afisa elimu akanipa nafasi kwenye kikao cha walimu nieleze nilichojifunza. Cheti ninacho, kina bendera na neno "mafunzo" kwa herufi za dhahabu. Mwalimu mmoja binti anayefundisha darasa la kwanza akauliza swali la maana kabisa: wale wanaanza shule na miaka 7, sasa mwalimu anafanyaje na mtoto ambaye bado hajui kusoma kabisa, anaanzaje wiki ya kwanza? Swali ambalo lingejibiwa na asubuhi moja tu ya kukaa nyuma ya darasa. Nikaanza kueleza rafu za viatu.

Sasa sikia. BARUA. Usilipe wakala, usikate tiketi, usiombe viza, usimuage hata mwenyekiti wa kijiji, mpaka uwe na barua kutoka shule yenyewe, sio kutoka kwa wakala akisema shule imekubali. Barua iwe na tarehe, saa, darasa la ngapi, somo gani, na jina la mwalimu atakayekupokea. Barua ikiwa na vitu hivyo haiwezi kuandikwa kwa tarehe za katikati ya mwezi wa sita, kwa sababu hakuna mwalimu wa kuweka jina lake. Ndo uzuri wake, barua yenyewe inakukagulia kalenda hata kama wewe umesahau.

Unaipataje, unaandika mwenyewe. Shule nyingi kule ni za manispaa, tovuti zao zina barua pepe ya mkuu wa shule. Kwa Kiingereza kifupi: mimi ni mwalimu wa somo fulani, darasa fulani, nataka kuona kitu kimoja. KIMOJA, usiandike "mfumo wa elimu", wameshachoshwa na watu wa mfumo wa elimu tangu 2001, ndo maana baadhi ya miji na shule zinatoza ada ya ugeni, uliza mapema. Andika "nataka kuona mnavyofundisha kusoma wiki za mwanzo" au "nataka kuona hesabu darasa la tatu", mwalimu mwenzako atakujibu. Na jaribu shule za mazoezi za vyuo vikuu, ziko Helsinki, Tampere, Turku, Jyväskylä, Joensuu, Oulu, kwingine pia. Mwalimu kule lazima awe na shahada ya uzamili na hizo ndo shule wanazofanyia mazoezi, kwa hiyo watoto wamezoea watu wazima wamekaa nyuma wanaandika, hawatakugeukia.

Muda: mwezi wa tisa. Sisi tuna ile likizo fupi ya mwezi wa tisa, la saba wameshamaliza mtihani, kule darasa zimechangamka na baridi haijaanza kuuma. Siku chache ndio, lakini siku mbili zenye watoto zinazidi wiki mbili za viti. Katikati ya mwezi wa kumi wana likizo ya vuli, epuka. Mwisho wa mwezi wa pili kuingia wa tatu wana likizo ya baridi na inapishana kwa mikoa, kusini wanaanza, kaskazini wanamalizia. Likizo yetu fupi ya kuelekea mwezi wa nne nayo inafaa ila angalia isigongane na Pasaka.

Na barua hiyohiyo ndo utaenda nayo kwa mwajiri kuomba ruhusa na ndo utaambatanisha kwenye viza ya Schengen (ile moja inayokuingiza Finland na nchi nyingine nyingi za Ulaya). Viza ni euro 90 na ukinyimwa hairudi, bima lazima iwe ya angalau euro 30,000. Mtu wa ubalozi akisoma "mafunzo shuleni" na tarehe za Juhannus anakushangaa, yeye kalenda anaijua.

Yule aliyekuandikia hapo juu "nenda tu mkuu, ukifika utajua hukohuko", namuuliza kwa heshima zote, saccos atalipa yeye?

Wakala akikwambia nafasi zinaisha ijumaa mwambie sawa ziishe. Akikwambia ameshalipia hoteli, pole yake. Mtumie ujumbe mmoja tu: naomba jina la mwalimu nitakayekaa darasani kwake na somo lake. Wetu baadaye tulipomuuliza hivyo alianza kusema mtandao unasumbua. Ukipata jibu lolote lisilo na jina la mtu lilete hapa tulisome pamoja, na hiyo ratiba ipige picha uiweke yote, hasa siku ya pili na hiyo ijumaa.