Tezi Inakwenda Shoto, Omo Inapanda

SWALI: Mhariri, assalaamu alaykum. Nina boti ya faiba ya futi 23 yenye mashine ya nje ya nguvu za farasi 40, na nachukua wageni kutoka Mkoani, Pemba, hadi kisiwa cha Misali. Nikirudi nyuma gatini, tezi (sehemu ya nyuma ya boti) huvutika kushoto ingawa mpini nimeunyoosha, na nikiongeza moto omo (sehemu ya mbele) hupanda hata sioni mbele. Fundi ananishauri ninunue mashine kubwa zaidi. Nimsikilize?
Nahodha, Mkoani

JIBU: Waalaykumu ssalaam, nahodha. Usinunue. Mashine kubwa ni nzito, na uzito huo utaelemea pale pale kwenye tezi, ambako shida yako ya pili ndiko inakoanzia.

Rafadha (panga zinazozunguka majini na kuisukuma boti) za boti nyingi zenye mashine moja, ukizitazama kutoka nyuma, huzunguka kuelekea kulia boti inapokwenda mbele. Ukitia gia ya nyuma huzunguka kushoto, na tezi hufuata upande huo. Hiyo si kasoro. Ifikie gati kwa ubavu wa kushoto, utie nyuma kidogo, na tezi itajilaza yenyewe. Wakati wa kuondoka, isukume kwanza kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Ila usitoe gia mapema, kwani mashine ya nje huigeuza boti kwa msukumo wa rafadha, na msukumo ukikatika mpini karibu hauna kazi.

Ama omo, boti za faiba nyingi zina kifua chembamba mbele, kinachopasua wimbi, na tumbo bapa nyuma, linaloibeba boti juu ya maji ikishashika kasi. Abiria wakirundikana karibu na mashine, tumbo huzama na boti hubaki ikihangaika kuupanda mlima wa maji iliouzusha yenyewe. Wasogeze abiria na madumu ya mafuta katikati, kisha ihamishe pini inayoshikilia mwinamo wa mashine tundu moja kuelekea boti, ili msukumo uinyanyue tezi. Tundu moja tu, nakusihi: wakati wa upepo wa kusi, ukielekea Misali, mawimbi hukujia kwa nyuma, na omo iliyoinamishwa mno hujichimbia katika wimbi la mbele huku tezi ikisukumwa ubavuni, na boti inaweza kupinduka na watu.

Ikiwa bado inachelewa kunyanyuka, soma namba za rafadha. Kwa mfano, 11 kwa 13 maana yake ni upana wa inchi 11 na mwendo wa inchi 13 kwa kila mzunguko, kama maji yasingeteleza. Kwa boti inayobeba uzito kama yako, chagua namba ya pili iliyo ndogo zaidi, na upapase kila panga kwa kidole ukitafuta pengo lililoachwa na mwamba.