Vidole kabla ya kisu: kwa mtarajali anayeanza wodi ya upasuaji

Mdogo wangu, juma la kwanza utakabidhiwa mafaili, chupa za damu na fomu za maabara, na utaona kama upasuaji wenyewe bado uko mbali nawe. Hauko mbali. Mgonjwa mwenye saratani ya mdomo, ya koo, ya thairoidi au ya titi akilazwa jioni, wewe ndiye daktari atakayekaa naye muda mrefu kuliko mwingine yeyote. Bingwa atapita asubuhi kwenye raundi, na nyuma ya mgonjwa huyo wapo wengine wengi wanaomsubiri. Ulichokigusa na kukiandika usiku ndicho kitakachoongoza uamuzi: akatwe nini, akatwe wapi, au asikatwe kwanza.

Nilifunzwa hili na mgonjwa. Alikuwa mama mkulima wa makamo, ana uvimbe shingoni upande wa kulia, chini kidogo ya taya. Huko alikotoka alikuwa amemeza dawa za TB miezi sita. Wazo la TB halikuwa la kipuuzi. TB ya tezi tunaiona kila mara, na uvimbe wa shingo kwetu humpeleka kila mtu huko kwanza. Kosa ni kwamba hakuna aliyechukua sampuli, na uvimbe uliendelea kukua huku dawa zinamezwa. Mimi nami nikaandika, "uvimbe, shingo kulia, sm 4, mgumu, hauumi," nikaenda kulala. Asubuhi muuguzi mmoja wa siku nyingi akanivuta pembeni, akaniuliza, "Dokta, ulimwambia anyanyue ulimi?" Sikumwambia. Ubavuni mwa ulimi, kwa chini, palikuwa na kidonda kama punje ya hindi, kingo zake ngumu. Mama mwenyewe alikijua siku zote. Alisema hakuna aliyemuuliza.

Tangu siku hiyo sigusi uvimbe wa shingo bila kutafuta unakotoka.

Saratani nyingi za kichwa na shingo huanzia kwenye utando wa ndani wa mdomo, koo au kongomeo. Zikianza kusafiri, kwa kawaida hupitia mishipa ya limfu na kutua kwenye tezi za shingo kabla ya kufika mapafuni. Wala hazitawanyiki ovyo. Ndiyo maana wapasuaji wameigawa shingo katika kanda, na kanda hizi zijue kama unavyoijua njia ya nyumbani kwenu. Ya 1 iko chini ya kidevu na taya. Ya 2, ya 3 na ya 4 zinashuka na mshipa mkubwa wa damu wa shingo hadi karibu na mtulinga. Ya 5 iko nyuma ya ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio, na ya 6 iko katikati, mbele ya koromeo. Ulimi na sakafu ya mdomo hupeleka saratani kanda ya 1 hadi ya 3. Sehemu ya nyuma ya pua hupeleka kanda ya 2 na ya 5, mara nyingi pande zote mbili, na mara nyingi huo uvimbe ndio dalili ya kwanza mgonjwa kuiona. Thairoidi huanza na ya 6, kisha huenda pembeni. Ukikuta tezi ngumu juu ya mtulinga wa kushoto, usiishie shingoni: pima matiti, pima tumbo, kwa sababu saratani ya tumboni nayo hujitokeza hapo.

Kupima kwenyewe, mkalishe mgonjwa, simama nyuma yake, mwambie ainamishe kichwa kidogo ili misuli ilegee, kisha tembeza vidole vya mikono yote miwili ukilinganisha pande. Halafu njoo mbele. "Bibi, shikamoo. Naomba utoe meno ya bandia, ufumbue mdomo, unyanyue ulimi." Vaa glavu uingize kidole. Macho hudanganywa na utando unaoonekana mzima, lakini ugumu ulio chini yake kidole hukuambia. Kidole kimoja kiwe ndani, mkono wa pili uwe chini ya taya, sakafu ya mdomo ipite katikati yake. Uliza ugoro, tambuu, sigara na pombe bila kumtazama mtu kama mshtakiwa. Uliza sauti imebadilika tangu lini. Na akikwambia sikio linauma, ukalitazama ukakuta ni safi kabisa, rudi kwenye koo na mzizi wa ulimi. Neva zao ni za ukoo mmoja.

Usiupasue uvimbe wa shingo ili "tuone ni nini". Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona matokeo yake. Kisu kikipita katikati ya tezi yenye saratani, chembe humwagika kwenye nyama iliyokuwa safi, kovu hushikamanisha kila kitu, na mpasuaji anayekuja baadaye inambidi aondoe hata ngozi ile yenye kovu. Anza na sindano nyembamba ya kunyonya chembe za kupima. Isipotoa jibu, irudiwe, na mdomo, koo na nyuma ya pua vichunguzwe kwa kamera kabla mtu hajafikiria kukata. Saratani ya nyuma ya pua tiba yake kuu ni mionzi, si kisu. Aliyeanza kwa kisu amempotezea mgonjwa muda.

Kwenye titi sheria ni hiyohiyo, sindano yake tu ndiyo nene zaidi, ya kutoa kijinyama kamili. Wapo wanawake waliofika kwetu na kovu katikati ya titi, uvimbe umetolewa nusu mahali fulani chini ya ganzi, na kipande hakikupelekwa maabara. Kilitupwa. Mama hana jibu, hana kipande, na saratani iliyobaki ipo palepale. Unapopima kwapa, beba mkono wake kwa mkono wako hadi uhisi ameuachia uzito wote, kisha sukuma vidole juu kabisa, uvikandamize kwenye mbavu. Tezi inacheza au imeganda? Andika. Halafu juu ya mtulinga. Halafu uliza mgongo, pumzi, kichwa, macho ya njano, maana titi hupenda kusafiri kwenda kwenye mifupa, mapafu, ini na ubongo. Mama mwenye saratani ya titi akisema kiuno kinamuuma, usimwandikie panado tu ukaondoka.

Sasa hili ninalotaka sana ulielewe, kwa sababu hata mimi lilinichukua miaka. Tezi ya kwapani na tezi ya shingoni hazina maana moja.

Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akasema saratani ni kama mbegu: husafiri kote, lakini huota kwenye udongo unaoipokea. Wapasuaji wa zama zake hawakumsikiliza sana. William Halsted kule Baltimore, Marekani, aliamini saratani husambaa hatua kwa hatua kutoka kwenye titi kwenda nje, kwa hiyo ukiondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapa kwa pamoja, umeishika. George Crile akaipeleka fikra hiyo shingoni. Mwaka 1906 alieleza upasuaji 132, akiondoa tezi pamoja na msuli mrefu, mshipa mkubwa wa damu na neva ya bega. Ajabu ni kwamba mwanawe, aliyeitwa George Crile vilevile, ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa wapasuaji waliopinga kwa sauti kubwa ule upasuaji wa Halsted.

Jibu la titi lilitolewa na mpasuaji Mmarekani Bernard Fisher na wenzake. Kuanzia 1971 walifuatilia wanawake 1,665, wengine wakifanyiwa upasuaji wa Halsted, wengine ule mdogo zaidi. Baada ya miaka 25, waliokatwa zaidi hawakuwa wameishi zaidi. Paget alikuwa ameona mbali: ugonjwa wa titi unaoua ni ule uliokwishatoka, na tezi ya kwapa zaidi ni shahidi anayetueleza jinsi ya kupanga dawa na mionzi. Shingoni mambo ni tofauti. Hospitali ya Tata Memorial kule Mumbai ilitoa matokeo mwaka 2015 kuhusu saratani changa za mdomo: waliotolewa tezi za shingo mapema, kabla hazijavimba, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, waliosubiri hadi zivimbe walikuwa asilimia 67.5. Saratani ya mdomo hukaa muda mrefu mdomoni na shingoni, na mara nyingi huua ikiwa hukohuko bila kufika mbali, kwa hiyo kuisafisha shingo mapema ni tiba halisi. Ukimsikia bingwa anapunguza mkono kwapani na kuongeza shingoni, usidhani anajipinga.

Kuna jambo moja hapa ambalo vitabu vya nje havitakwambia kwa uzito wake. Kuacha titi na kutoa uvimbe peke yake kunadai mionzi baadaye, ya majuma kadhaa. Kwa miaka mingi mionzi hapa Tanzania ilikuwa Ocean Road, Dar es Salaam, tu, kisha ikafika Bugando, Mwanza. Mama wa kijijini muulize mapema: atakaa wapi Dar es Salaam au Mwanza, nani atabaki na watoto. Jibu lake ni sehemu ya uamuzi wa upasuaji.

Na atakuuliza yeye pia, "Daktari, si wanasema kisu kikiigusa inasambaa?" Usicheke, usimkatize. Amewaona jirani waliopasuliwa wakafa. Mweleze kwamba wengi wao walifika ikiwa imeshasambaa, au walikatwa vibaya nusunusu, na kwamba hatari ya sindano ya vipimo kuisambaza ni ndogo mno ukiilinganisha na kukaa bila jibu. Mwambie mumewe au mwanawe aketi asikie pia.

Kipande kikitoka thieta, kiko mikononi mwako. Maji ya chumvi hayahifadhi nyama. Nilipoteza titi zima hivyo, liliachwa kwenye ndoo usiku kucha, na mama yule hakupata kipimo cha vipokezi vya homoni ambacho kingetuambia kama tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, ingemsaidia. Kitie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, mara kumi ya ukubwa wa kipande, ndani ya saa moja. Uzi mfupi juu, uzi mrefu pembeni, na uandike hivyo kwenye fomu. Saa ya kuingiza kwenye fomalini iandikwe pia.

Kabla ya upasuaji, mwambie mgonjwa wa shingo apandishe mabega yote mawili na atabasamu, uandike ulichokiona, ili bega likilegea au pembe ya mdomo ikishuka baadaye ijulikane imetoka wapi. Wa titi asukume ukuta kwa viganja, umtazame mabapa ya mabega. Umwambie mapema kwamba ndani ya mkono wa juu panaweza kufa ganzi.

Baada ya upasuaji, tazama dreni, mrija wa kutolea majimaji ya kidonda, wewe mwenyewe. Majimaji meupe kama maziwa upande wa kushoto wa shingo, mgonjwa akishaanza kula, yanatoka kwenye mfereji mkuu wa limfu. Piga simu usiku huohuo. Na aliyetolewa thairoidi, shingo ikijaa ghafla, sauti ikakoroma, akahangaika kukaa, usimsubiri mtu wa thieta. Kata nyuzi palepale kitandani, ngozi na tabaka la chini, damu itoke, huku mwenzako anaita. Kwa hiyo trei ya kutolea nyuzi iwe pembeni ya kitanda chake kabla hujaondoka wodini, na muuguzi wa usiku umwonyeshe ilipo.