Usizime uthibitisho, badilisha njia ya kupata msimbo

Ndugu yangu, umeuliza kama uzime msimbo wa kuingilia akaunti ya gemu kwa sababu meseji huchelewa na wenzako wanaanza mechi bila wewe. Tafadhali usiuzime. Shida ni meseji yenyewe: mtandao ukisumbua haifiki, na tapeli akihamishia namba yako kwenye laini yake, misimbo yote inamwendea yeye. Weka programu ya uthibitisho kwenye simu. Hutoa msimbo mpya kila sekunde 30, hata bila bando. Kompyuta ya nyumbani iruhusu ikumbukwe, usiulizwe kila mara. Ya saiba pale Moi Avenue, kamwe! Binamu yangu alipoteza akaunti ya miaka minne hivyo, na iliniuma sana. Misimbo ya akiba, ile unayopewa ya kuingilia simu ikikosekana, iandike kwenye karatasi, maana simu hapa mjini hunyakuliwa.