Nilidhani ni umri, kumbe ni moyo

Juzi dada mmoja ameniandikia: "Kaka, nina miaka 48, kilo 102. Nikipanda ngazi nahema kama nimefukuzwa. Kila mtu ananiambia ni umri. Wewe ulifanyaje?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, maana ungeubadilisha miaka na kilo tu ungekuwa wangu.

Mimi nilikuwa na miaka 53 na kilo 108, kwa urefu wa mita 1.72. Siku moja lifti ya ofisini ikaharibika, tukapanda kwa miguu na kijana mmoja wa kitengo chetu, yeye anapiga stori, mimi naitikia "mm, mm" kwa sababu pumzi ya kusema neno zima sina. Kufika ghorofa ya pili nikatoa simu, nikaiweka sikioni, nikamwonyesha kwa mkono atangulie. Hakuna aliyenipigia. Nilisimama pale nimeshika ukuta, naongea na simu iliyozimika kioo: "Ndiyo... ndiyo... sawa." Aibu ile naikumbuka mpaka leo.

Nilienda kupimwa. Daktari wa kwanza hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Umri na kitambi, mzee. Punguza kula." Dakika nne, nimetoka. Sikatai kwamba nilikuwa na umri na kitambi. Ila mtu akikwambia jambo la kweli kwa dharau, unaliacha palepale mlangoni. Nikapoteza miezi minane kwa hasira, nakula vilevile.

Daktari wa pili alinifanyia eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Akasema moyo wangu unasukuma damu vizuri, shida ni kwamba haulegei vizuri ili kupokea damu nyingine. Nikamuuliza, kulegea nako ni kazi? Akacheka. Kumbe ni kazi kweli. Kila baada ya pigo, chembe za moyo lazima ziirudishe kalsiamu kwenye ghala lake ndipo msuli ulegee, na kuirudisha kunakula nguvu. Moyo wenye upungufu wa nguvu unaweza kuendelea kusukuma huku kulegea kumeshaanza kusuasua.

Tangu siku hiyo nimesoma habari za moyo kuliko nilivyosomea mitihani. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku na hauna akiba ya maana. Nguvu iliyomo ndani yake ingetosha sekunde chache tu kama kiwanda cha kuitengeneza kingesimama. Kiwanda chenyewe ni mitokondria, vijiumbo vidogo vinavyotengeneza nguvu ndani ya chembe, ambazo zimejaa karibu theluthi moja ya kila chembe ya msuli wa moyo. Na moyo hauchagui chakula. Hula mafuta zaidi, hula glukosi (sukari ya damu), hula ketoni (ini huzitengeneza kutokana na mafuta), hata laktati, masalia ya sukari yanayotoka kwenye misuli ya miguu ukikimbia, huidaka ukaichoma. Uzima wake uko hapo, kwenye kubadilisha kuni kulingana na kazi iliyopo.

Sasa unene na umri vinauingilia kwa njia mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Unene huleta mafuta mengi kwenye damu, tena huufanya mwili uipuuze insulini, homoni inayofungulia sukari iingie kwenye chembe, kwa hiyo mlango wa glukosi unabana na moyo unalazimika kuchoma mafuta zaidi. Mafuta yana nguvu nyingi, lakini yanataka oksijeni zaidi kuliko glukosi kwa kiasi kilekile cha nguvu. Yaani moyo wa mtu mnene unalipa zaidi kwa kazi ileile. Umri kwa upande wake unachosha kiwanda: mitokondria hupungua makali, uwezo wa kuyachoma mafuta hushuka, na moshi wake, yaani taka za uchomaji huo, unaharibu chembe zenyewe. Viwili hivi vikikutana kwa mtu mmoja, mafuta yanaingia mengi na jiko ni dogo. Yanayobaki hayakai kimya. Hugeuka aina za mafuta zenye sumu kwa chembe, msuli unakakamaa.

Huyo ndiye aliyeshika ukuta ghorofa ya pili, akiongea na simu iliyozimika.

Nilifanya nini? Nilitembea. Mwanzo dakika 10, nikafika dakika 40 kwa siku tano za wiki, mwendo wa kuniwezesha kuongea lakini si kuimba. Nikapunguza sahani, nikaacha kula usiku wa manane, nikalala mapema. Nikatembea tena. Najua ulitarajia kitu kikubwa zaidi, hata mimi nilitarajia. Miezi ya katikati sina cha kusimulia, mizani ilikuwa inanidhihaki tu. Katika miezi 14 zimetoka kilo 17. Bado BMI yangu, kipimo cha uzito kwa urefu, iko juu ya 30 kidogo, yaani bado nahesabiwa mnene, kwa hiyo asije mtu hapa kuniita mwembamba.

Dada yangu, usinifuate mimi kabla hujapimwa. Kuhema kunaweza kuwa mapafu, kunaweza kuwa upungufu wa damu, na kifua kikibana au miguu ikivimba usisubiri kesho. Dawa za presha kama unazo usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Lakini hao wanaokwambia "ni umri" wakanyamaza, usiwape nafasi. Umri huwezi kuurudisha. Mafuta yanayofurika kwenye damu unaweza kuyapunguza, na mazoezi huziamsha mitokondria hata za mtu wa miaka 50 na kitu. Tusijifiche nyuma ya tarehe ya kuzaliwa, jamani! Mimi nilijificha miaka mitano na nilikuwa najua.

Mwezi uliopita nimerudia eko. Kulegea kumekuwa bora kuliko mara ya kwanza, si kwa asilimia zote, lakini daktari alitabasamu kabla hajasema neno. Nikaomba nakala mbili za majibu. Moja nimeiweka nyumbani. Ya pili iko kwenye bahasha ndani ya gari, nimeandika juu yake jina la yule wa dakika nne, na mara mbili nimepita pale nje nikapunguza mwendo, nikaendelea na safari.