Tume ya haki za binadamu ya jiji ina meno?

Dada, umeuliza kama tume ya haki za binadamu ya jiji la New York ina meno au inapokea barua tu. Inayo. Mwenye nyumba akikuandikia "hatupokei vocha za kodi" (yaani msaada wa serikali wa kulipia pango), amevunja sheria ya jiji. Chanzo cha kipato, vocha ikiwemo, kinalindwa dhidi ya ubaguzi tangu 2008. Usifute ujumbe huo, hifadhi na picha ya tangazo. Kufungua malalamiko ni bure, wakili si lazima. Ila usichelewe: una mwaka 1 tangu tukio, miaka 3 kwa unyanyasaji wa kijinsia kazini. Uchunguzi wenyewe huenda polepole (mno, ukiniuliza), kwa hiyo kama nyumba bado unaitaka, ipigie tume kwanza uiombe iingilie kati mapema. Wenye nyumba wengine hulegea hapo hapo, faili hata halijafunguliwa.