Kisu cha babu: usikimbilie mashine

Mdogo wangu, kumlipa fundi akirudishe kipya hicho kisu cha kukunja cha babu yako? Hapana, tafadhali. Jiwe la mashine likigusa bapa jembamba chuma kinapata moto, na kikishageuka bluu makali hayakai tena. Chapa ya kiwanda nayo inafutika, na wanaonunua visu vya kale huitazama hiyo kwanza. Kutu ya juu juu isugue mwenyewe kwa mafuta ya taa na stilwaya laini (mpini wa mbao au pembe usiuloweke), halafu tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Fundi mlipe springi ikivunjika tu. Na kwa unyevu wa Tukuyu, usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi.